Eratosthenes wa Kirene, Aliyezichekecha Namba

Kila alfajiri, jua kabla halijapanda juu ya milima iliyo mashariki ya Bujumbura, kazi ya kwanza katika kila kambi na kila kituo ni kuhesabu. Askari husimama safuni, huhesabiwa, na idadi yao huandikwa daftarini. Wakiwa 30, mkuu wao aweza kuwapanga safu 2 za watu 15, au safu 3 za watu 10, au safu 5 za watu 6, na hapana atakayebaki nje ya mpango. Lakini akiongezeka mtu mmoja tu wakawa 31, mipango yote hiyo huvunjika. Wapangwe wawili wawili, mmoja hubaki. Watatu watatu, mmoja hubaki. Watano watano, mmoja hubaki vilevile. Hawakubali ila mstari mmoja mrefu.

Namba za tabia hiyo huitwa namba tasa, kwa kuwa hazina kigawo ila 1 na zenyewe. Wataalamu wamezichunguza tangu zamani za kale, na hata leo siri za serikali, za mabenki na za majeshi hulindwa kwa nguvu yake. Mtu anayekumbukwa kwa kutufundisha njia ya kuzipata bila kubahatisha alizaliwa katika bara letu la Afrika, akafanya kazi zake kubwa karibu na mlango wa mto ambao chemchemi yake ya kusini kabisa imo humu nchini Burundi. Jina lake ni Eratosthenes wa Kirene, na maisha yake ndiyo tunayokusudia kuyasimulia leo.

UTOTO NA MASOMO

Eratosthenes alizaliwa mnamo mwaka 276 kabla ya Kristo katika mji wa Kirene, uliokuwa koloni la Wayunani katika pwani ya kaskazini ya Afrika, mahali ambapo leo ni mashariki ya Libya. Wasomaji wa Injili wanalijua jina la mji huo, maana ndiko alikotoka yule Simoni aliyeshurutishwa kuubeba msalaba, miaka karibu 300 baadaye. Kirene ulikuwa mji wenye mashamba mema, farasi waliosifika, na watu waliopenda elimu.

Inasimuliwa kwamba walimu wake wa mwanzo walikuwa Lysanias, mjuzi wa sarufi, na Callimachus, mshairi mashuhuri, wote wawili wenyeji wa Kirene. Baadaye alivuka bahari akaenda Athene, mji uliokuwa shina la falsafa, akasikiliza mafundisho ya Ariston na ya Arcesilaus. Walimu hawa wawili walikuwa wakipingana, kila mmoja akiwa na wafuasi wake, lakini kijana Eratosthenes alikaa miguuni pa wote wawili. Tabia hiyo ya kusikiliza kila upande kabla ya kutoa hukumu haikumwacha maisha yake yote.

Wala hakutosheka na fani moja. Alitunga mashairi, akaandika juu ya michezo ya kuigiza ya kale, akapanga tarehe za mambo yaliyopita, akachunguza nyota, akachora ramani ya dunia iliyojulikana wakati wake. Hata neno jiografia, ambalo leo kila mwanafunzi wa shule analitaja, hutajwa kuwa limetokana na kitabu chake.

KUITWA ISKANDARIA

Mnamo mwaka 245 kabla ya Kristo sifa zake zilimfikia Ptolemy wa Tatu, mfalme wa Misri. Wafalme wa ukoo huo walikuwa wazao wa jemadari mmoja wa Iskandari Mkuu, naye Iskandari ndiye aliyeujenga mji wa Iskandaria karibu na mahali mto Nili unapoingia baharini. Humo wafalme hao walianzisha Maktaba iliyokuwa na maelfu kwa maelfu ya vitabu vya mafunjo, wakawaita wataalamu kutoka kila upande na kuwalisha kwa fedha za hazina. Eratosthenes aliitika mwito, akawa mkuu wa Maktaba hiyo, na pia mwalimu wa mwana wa mfalme, aliyetawala baadaye kwa jina la Ptolemy wa Nne.

Yafaa ikumbukwe kwamba hata mtu wa cheo kama hicho hakukosa wa kumbeza. Wenzake walimpachika jina la Beta, yaani herufi ya pili katika alfabeti ya Kiyunani, wakimaanisha kwamba katika kila elimu yeye ni wa pili, na wa kwanza hata katika moja hayumo. Wengine walimwita mwanamichezo wa mashindano matano. Jina hili la pili lilikaribia ukweli kuliko lile la kwanza. Mshindani wa michezo mitano huenda akashindwa mbio na mkimbiaji, na mieleka na mpiga mieleka, lakini siku ya mambo yote matano pamoja, yeye ndiye anayesimama.

CHEKECHE LA NAMBA

Sasa tuitazame ile njia iliyolihifadhi jina lake katika vitabu vya hesabu. Imetufikia kwa mkono wa Nicomachus wa Gerasa, aliyeandika kitabu cha elimu ya namba mnamo mwaka 100 baada ya Kristo, akaitaja kuwa ni ya Eratosthenes na kuiita chekeche. Msomaji aweza kuijaribu kwa kalamu na karatasi akiwa zamu.

Andika namba zote kuanzia 2 hadi 100. Iache 2, kisha futa kila namba ya pili baada yake, yaani 4, 6, 8 na kuendelea. Namba inayofuata ambayo haikufutwa ni 3: iache, kisha futa kila ya tatu baada yake. Inayofuata ni 5, nayo ifanyie hivyo hivyo, kisha 7. Hapo kazi imekwisha. Namba zilizobaki bila kufutwa ni 25, na zote ni namba tasa. Hazikupungua hata moja, wala hakuna ya uongo iliyopenya. Namba 91, ambayo huwadanganya watu wengi kwa sura yake, imekwisha kufutwa, maana ni 7 mara 13.

Huenda mtu akauliza kwa nini tunasimama kwenye 7. Sababu ni kwamba namba tasa inayofuata ni 11, na 11 mara 11 ni 121, iliyo nje ya mpaka wetu. Namba yoyote isiyozidi 100 ambayo si tasa, lazima iwe na kigawo kisichozidi 10, na vigawo hivyo tumekwisha kuvipitia. Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji kipaji. Haihitaji hata kugawanya. Anayejua kuhesabu hatua zake bila kuruka aweza kuifanya mpaka mwisho, na hatakosea.

NAMBA 252,000

Kazi iliyomletea Eratosthenes umaarufu mkubwa zaidi ni kuipima dunia. Alipata habari kwamba katika mji wa Syene, ambao leo unaitwa Aswan, siku ya jua kali la katikati ya mwaka, saa sita mchana, jua lilisimama wima hata kuangaza ndani ya kisima, na vitu havikuwa na kivuli. Siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo, Iskandaria palikuwa na kivuli. Alikipima akaona kwamba pembe yake ni sehemu moja katika 50 ya duara. Umbali kati ya miji hiyo miwili ulihesabiwa kuwa stadio 5,000. Basi akazidisha 5,000 kwa 50, akapata kwamba mzingo wa dunia ni stadio 250,000.

Wasomaji wetu wenye kupenda mwendo wa gwaride watafurahi kujua namna umbali wa nchi ulivyopimwa nyakati zile. Walikuwapo watu waliofunzwa kutembea kwa hatua zilizo sawa na kuzihesabu siku nzima. Watu wa namna hiyo waliandamana na jeshi la Iskandari Mkuu, na wafalme wa Misri nao walikuwa na wapimaji wao. Hivyo yawezekana kabisa kwamba elimu kubwa ya Iskandaria ilisimama juu ya miguu ya watu waliojua kutembea kwa nidhamu.

Hata hivyo waandishi wengi wa kale wanataja kwamba hesabu ya Eratosthenes ilikuwa 252,000, si 250,000. Hizo 2,000 zilitoka wapi? Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni haya: duara wakati ule liligawanywa katika sehemu 60, na 250,000 haigawanyiki kwa 60. Ukiongeza 2,000, kila sehemu inapata stadio 4,200 kamili. Na baadaye duara lilipogawanywa katika nyuzi 360, kila uzi ulipata stadio 700, bila mabaki.

Lakini sifa za namba hii hazikomi hapo. Yagawanyika kwa 1, kwa 2, kwa 3, na hivyo kwa kila namba mpaka 10. Namba ndogo kupita zote yenye sifa hiyo ni 2,520, na 252,000 ni hiyo mara 100. Ukiichambua mpaka kwenye asili yake utapata 2 mara tano, 3 mara mbili, 5 mara tatu, na 7 mara moja. Kutokana na hayo vigawo vyake vyote vyaweza kuhesabiwa bila kuvitaja kimoja kimoja: ni 6 mara 3 mara 4 mara 2, yaani 144. Jeshi la watu 252,000 lingeweza kupangwa kwa namna 144 bila mtu kubaki.

Nicomachus, ambaye tumemtaja, alizigawa namba katika makundi matatu kwa kujumlisha vigawo vyake pasipo kuihesabu namba yenyewe. Namba 6 ina vigawo 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6: hiyo ni namba kamilifu, kama ilivyo 28. Namba ambayo jumla yake ni ndogo kuliko yenyewe ni pungufu, na ambayo jumla yake ni kubwa ni namba ya ziada. Vigawo vya 252,000 vikijumlishwa hufika 770,112, zaidi ya namba yenyewe mara tatu. Ni namba ya ziada, tena ziada iliyo kubwa.

Sasa tuwatazame majirani zake. Iliyo kushoto, 251,999, ni zao la 11, 31 na 739 tu. Iliyo kulia, 252,001, ni namba tasa. Ili kuthibitisha hayo inatosha kuijaribu kwa namba tasa 95 zilizo chini ya 502, kwa maana 502 mara 502 ni 252,004, iliyokwisha kuipita. Na hakuna hata moja kati ya hizo 95 inayoigawa. Namba tatu zinasimama bega kwa bega, wala hakuna inayofanana na mwenzake. Mahali namba iliposimama hapakuambii imeumbwa na nini. Ni lazima uichunguze yenyewe.

Kuhusu kipimo cha dunia, Eratosthenes hakuwa mbali na ukweli. Hata tukiichukua stadio ndefu ya mita 185, mzingo wake unakuwa kilomita 46,620, ambapo ule wa kweli kupitia ncha za dunia ni karibu kilomita 40,000. Na tukiichukua stadio fupi inayotajwa na baadhi ya wataalamu, ya mita 157 na nusu, kosa halifiki hata sehemu moja katika 100. Mtu huyo hakuwa na chombo ila kivuli, hatua za watembezi, na akili.

NG'OMBE WA JUA

Miongoni mwa rafiki zake Eratosthenes alikuwamo Archimedes wa Sirakusa, mtaalamu mkubwa kuliko wote wa zama zile. Archimedes alimwandikia kitabu kizima akimweleza njia zake za kufikiri, jambo asilolifanya ila kwa mtu aliyemwamini. Kadhalika imepokewa kwamba alimpelekea, kwa ajili ya wataalamu wa Iskandaria, fumbo la namba lililofungwa katika shairi. Shairi hilo lilipotea machoni pa watu mpaka lilipotolewa katika maktaba moja ya Ujerumani mwaka 1773.

Fumbo lenyewe ni la ng'ombe, na hapa Burundi hatuna haja ya kueleza thamani ya ng'ombe. Wazee wetu walipokutana njiani walisalimiana kwa neno amashyo, yaani kutakiana makundi ya ng'ombe, na aliyesalimiwa akajibu amashongore. Archimedes anasimulia kundi la mungu wa Jua katika kisiwa cha Sisilia, lenye rangi nne: weupe, weusi, wa madoa na wa manjano, mafahali na majike. Hataji idadi hata moja. Anasema tu, kwa mfano, kwamba mafahali weupe ni sawa na nusu na theluthi ya mafahali weusi pamoja na mafahali wote wa manjano. Na hivyo kwa kila aina, masharti saba kwa jumla. Kundi dogo kabisa linaloyatimiza masharti hayo saba lina ng'ombe 50,389,082. Kati yao mafahali weupe ni 10,366,482, weusi ni 7,460,514 na wa manjano ni 4,149,387, na mwenye kalamu aweza kulihakikisha sharti tulilolitaja.

Halafu Archimedes akaongeza masharti mawili ambayo yanaonekana madogo. Mafahali weupe wakichanganywa na weusi waweze kupangwa mraba ulio sawa pande zote. Mafahali wa madoa wakichanganywa na wa manjano waweze kupangwa pembetatu: mmoja mbele, nyuma yake wawili, kisha watatu, na kuendelea. Askari wanayajua maumbo haya. Watu 36 wanaweza kupangwa mraba wa 6 kwa 6, na watu hao hao wanaweza kupangwa pembetatu ya safu 8. Lakini kupata kundi la ng'ombe linaloyatimiza masharti yote tisa kuliwashinda watu kwa karne nyingi.

Mwaka 1880 Mjerumani Amthor alithibitisha kwamba namba ndogo kabisa ya ng'ombe hao ina tarakimu 206,545. Hatusemi ng'ombe 206,545. Twasema kwamba kuiandika tu idadi yao kunahitaji tarakimu hizo zote. Tukizichapa 3,000 katika kila ukurasa, tutajaza kurasa 69. Ng'ombe hao wasingeenea Sisilia, wala duniani. Namba yenyewe haikupatikana kikamilifu mpaka mwaka 1965, pale wataalamu watatu wa chuo kikuu cha Waterloo nchini Kanada walipotumia kompyuta. Barua iliyokwenda Iskandaria ilingoja jibu zaidi ya miaka 2,100.

Wala Archimedes mwenyewe hakufa kitandani. Mwaka 212 kabla ya Kristo majeshi ya Roma yaliuteka mji wa Sirakusa baada ya kuuzingira kwa muda mrefu. Jemadari Marcellus alitaka mzee yule aachwe hai, lakini askari mmoja alimkuta, akamwua. Inasimuliwa kwamba jemadari alihuzunika sana, akawaheshimu jamaa zake. Huzuni hiyo haikumrudisha. Jina la askari yule limesahaulika, ila tendo lake linasimuliwa mpaka leo, na kila askari anayelisoma hana budi kulitafakari.

KUWAPIMA WATU

Tumesema kwamba Eratosthenes alizichekecha namba na kuzipanga katika makundi. Ni jambo la kuangaliwa sana, basi, kwamba mtu huyo huyo alikataa kuwachekecha watu kwa kuzaliwa kwao.

Wayunani wa zama zile waliwagawa binadamu wote katika sehemu mbili: wao wenyewe, na wageni wote waliobaki, waliowaita washenzi. Walikuwapo waliomshauri Iskandari Mkuu awatendee Wayunani kama rafiki na wale wengine kama adui. Mwandishi Strabo ametuhifadhia maoni ya Eratosthenes juu ya ushauri huo. Aliupinga. Alisema kwamba ni heri watu wapimwe kwa wema na ubaya wa matendo yao, kwa sababu Wayunani wengi ni waovu, na wageni wengi ni waungwana. Akawataja Wahindi, na Warumi, na watu wa Karthago wa Afrika, waliokuwa na serikali zenye mpango mwema. Akamsifu Iskandari kwa kutowasikiliza washauri wale, na kwa kuwapokea watu wema wa kila taifa.

Alikuwa Myunani mwenyewe, na mtumishi wa mfalme wa Kiyunani aliyewatawala Wamisri. Maneno hayo hayakuwa na faida kwake. Aliyasema kwa sababu alijua kazi ya chekeche ni nini. Namba huchekechwa kwa kile ilichoumbwa nacho, na jibu lake halibadiliki milele: 31 ni tasa leo na kesho. Mtu hakuumbwa hivyo. Leo aweza kutenda mema na kesho mabaya, au mabaya leo na kesho akatubu. Anayemhukumu kwa kundi alilozaliwa amekosa katika hesabu kabla ya kukosa katika haki.

Sisi wa nchi hii hatusomi maneno hayo kama hadithi ya mbali. Mwaka 1972, na tena tangu Oktoba 1993, Burundi ilionja uchungu wa watu kuchekechwa kwa kabila, na wengi waliuawa pasipo kuulizwa wametenda nini. Baadhi ya waliobeba silaha walishiriki katika uovu huo; wengine waliwaficha majirani kwa hatari ya roho zao. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliweka sharti kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi la ulinzi. Hapo watu walihesabiwa ili wasimame pamoja katika safu moja, na pasiwe na anayefutwa. Mwenye silaha na mwenye pingu, kuliko mtu mwingine yeyote, anahitaji kuikumbuka tofauti hiyo, maana kosa lake halifutiki kwa kalamu.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Eratosthenes aliishi kiasi cha miaka 80. Uzeeni macho yake yaliingia kiza, na mtu aliyeishi kwa kusoma hakuweza tena kukiona kitabu. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba majonzi yalimzidi, akajinyima chakula, akafa Iskandaria mnamo mwaka 194 kabla ya Kristo. Ni mwisho wa kusikitisha. Alikuwa na wanafunzi waliokuwa na macho, na miongoni mwao huenda walikuwapo ambao wangefurahi kumsomea.

Vitabu vyake karibu vyote vimepotea. Tunavijua kwa vipande vilivyonukuliwa na waliokuja baadaye, baadhi yao wakiwa wapinzani wake. Chekeche lake, hata hivyo, halikupotea, kwa kuwa halihitaji karatasi maalumu wala ruhusa ya mtu.

Mwaka 1977 wataalamu watatu, Rivest, Shamir na Adleman, walibuni namna ya kufunga ujumbe kwa namba iliyo zao la namba tasa mbili kubwa mno. Siri yake ni nyepesi kueleweka. Kuzidisha 11 kwa 31 kwa 739 ni kazi ya dakika moja; lakini mpe mtu 251,999 peke yake na kumtaka aitengue, atatoka jasho. Namba ikiwa ya mamia ya tarakimu, hata kompyuta za kawaida huchoka. Kwa njia za jamii hiyo fedha na maneno ya siri yamesafirishwa salama kati ya watu wasioonana. Na mnamo Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant alipata namba tasa iliyo kubwa kupita zote zilizojulikana hadi siku hiyo: chukua 2 zilizo 136,279,841, zizidishe pamoja, kisha toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Katika kutafuta namba za aina hiyo, kompyuta huanza kwa kuchekecha vigawo vidogo, kama alivyofundisha mzee wa Kirene.

Tumalizie kwa maji. Mvua inyeshayo juu ya Bujumbura hushuka kwa Ntahangwa na Muha mpaka Ziwa Tanganyika, kisha kwa Lukuga huelekea Kongo. Lakini ukivuka mgongo wa milima ukafika Rutovu, kusini mwa nchi, utaona chemchemi ndogo ambayo Mjerumani Burkhart Waldecker aliitambua mwaka 1937 kuwa ndiyo ya kusini kabisa ya Nili, na juu ya kilima piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938. Maji yake huingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, na kwenda mpaka Misri. Eratosthenes aliuandika mwendo wa mto huo na vijito vyake mpaka mahali habari za wasafiri zilipokoma, na katika maandishi hayo ya kale yametajwa maziwa yaliyo kusini. Hakuyaona. Lakini alitazama upande wetu, na hakutuita washenzi.

Basi kesho alfajiri, askari watakapohesabiwa na idadi kuonekana haigawanyiki, mpanga safu asikasirike. Huenda amekutana na namba tasa. Na wale waliosimama mbele yake, wawe 30 au 31, awajue kila mmoja kwa jina lake na kwa kazi yake.